Maisha ya Bwana Urwa bin Zubeir na Subira Yake Katika Maradhi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu twaanza, na kwake Yeye twataka msaada. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu yangu Muislamu, katika waraka huu nimekusudia kukukusanyia kwa ufupi habari za mtu mmoja katika Tabiina wakubwa, naye ni Bwana Urwa bin Zubeir, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nimemchagua yeye kwa mambo mawili yaliyokutana kwake. La kwanza, mengi tuyajuayo juu ya namna nyumba ya Mtume (S.A.W.) ilivyowatazama wagonjwa wake yametufikia kwa ulimi wake. La pili, yeye mwenyewe alipatwa na maradhi makubwa na msiba mkubwa katika safari moja, basi yale aliyoyapokea kwa masikio akaja akayaonja kwa mwili wake.

Na haja ya habari hizi si ndogo. Hakuna nyumba katika miji yetu isiyojua mgonjwa: huyu ana mama aliyelala kitandani mwaka wa pili, na yule ana mke mwenye maradhi yasiyopoa, na mwingine ana mtoto. Wengi wetu wanaume twadhani kuuguza ni kazi ya wanawake, na kwamba tukisha kutoa fedha za dawa na kuuliza hali mlangoni, basi yaliyo juu yetu yamekwisha. Na wako wengine ambao huingia kwa mgonjwa wakamzidishia maumivu kwa maneno yao, na wao wadhani wamempa mawaidha. Haya yote utayaona yakipimwa katika maisha ya Bwana Urwa.

NASABA YAKE NA KUKUA KWAKE

Yeye ni Abu Abdillah, Urwa bin Zubeir bin Awwam, Mkureshi wa ukoo wa Bani Asad. Baba yake ni Sayyidna Zubeir, hawari wa Mtume na mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Mama yake ni Bibi Asmaa binti Abubakar Siddiq, yule aliyeupasua mshipi wake vipande viwili siku ya Hijra akafungia chakula cha Mtume na cha baba yake, hata akaitwa Mwenye Mishipi Miwili. Mama mzaa baba yake ni Bibi Safiya binti Abdulmuttalib, shangazi wa Mtume. Na mama yake mdogo ni Bibi Aisha, mama wa Waumini (R.A.). Ni watu wachache waliokutaniwa na heshima kama hizi pande zote mbili.

Alizaliwa mwaka 23 wa Hijra (644) kwa kauli iliyo mashuhuri, mwishoni mwa ukhalifa wa Sayyidna Umar. Mwaka 36 (656) vilipotokea vita vya Ngamia alirudishwa njiani kwa udogo wake, na mwaka huo huo baba yake akauawa. Basi akawa yatima angali kijana wa miaka kumi na mitatu hivi. Ndugu yake mkubwa, Sayyidna Abdalla bin Zubeir, alikwenda njia ya uongozi na vita. Ama yeye Urwa alishika njia ya elimu, wala hakuiacha mpaka alipokufa.

ELIMU YAKE

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Bibi Aisha. Yeye ni mwana wa dada yake, basi alikuwa akiingia kwake bila ya pazia, akimwuliza na kumrudia, mambo ambayo mwingine asingeweza. Imepokewa kwake kwamba miaka minne au mitano kabla ya kufa Bibi Aisha alijiona kuwa, lau angefariki siku hiyo, asingejuta kwa hadithi hata moja iliyokuwa kwake, kwani zote alikwisha kuzihifadhi. Bibi Aisha alifariki mwaka 58 (678), na elimu yake nyingi ikabaki katika kifua cha mwana huyu wa dada yake.

Akawa mmoja wa wale mafakihi saba wa Madina ambao watu wakirejea kwao kwa fatwa. Wanafunzi wake ni wengi, na walio mashuhuri ni mwanawe Hisham na Imam Zuhri, ambaye alimfananisha na bahari isiyotibuka kwa wingi wa ndoo zinazoteka. Naye ni katika watu wa mwanzo kabisa walioandika habari za vita vya Mtume na sira yake. Mwaka 63 (683), katika siku za Harra, alivichoma moto vitabu vyake vya fikihi, kisha akavijutia umri wake wote.

Katika ibada, desturi yake ilikuwa kusoma robo ya Qur'ani kila siku kwa kuangalia msahafu, kisha usiku akasimama kwa robo ile ile katika sala. Na katika mali alikuwa mkarimu: zikiiva tende alikuwa akibomoa pengo katika ukuta wa shamba lake ili watu waingie wale na wachukue. Jumba lake katika bonde la Akiki, nje ya Madina, na kisima chake kilichokuwapo hapo, vilikuwa mashuhuri kwa wasafiri zama nyingi baada yake.

ALIYOYAPOKEA JUU YA WAGONJWA

Sasa tuyatazame yale aliyoyachukua kwa Bibi Aisha katika mlango wa maradhi, kwani ndiyo yaliyokuwa akiba yake siku alipohitaji.

Katika hayo ni hadithi ambayo Imam Bukhari ameipokea kwa Zuhri, naye kwa Urwa, naye kwa Bibi Aisha, ya kwamba hapatikani msiba umpatao Muislamu ila Mwenyezi Mungu humfutia kwa huo madhambi yake, hata mwiba umchomao. Iangalie sanadi hiyo, ndugu yangu, na ulikumbuke jina la Urwa ndani yake, maana itakuja siku ambayo si mwiba utakaomchoma yeye, bali ni msumeno.

Katika hayo ni habari ya homa ya Madina. Waislamu walipohamia Madina, Sayyidna Abubakar na Bilal walishikwa na homa kali. Bibi Aisha akaingia kwao, akamwuliza baba yake hali yake, kisha akamwuliza na Bilal hali yake. Wote wawili walikuwa katika uzito wa homa: Abubakar akiyataja mauti, na Bilal akililia mabonde ya Makka. Bibi Aisha akaenda akamweleza Mtume, naye hakuwalaumu kwa maneno yao, bali aliwaombea Mungu waipende Madina, na mji uwe na siha, na homa yake iondolewe.

Katika hayo ni habari ya talbina, nayo ni uji mwepesi wa shayiri, mweupe kama maziwa, na mara nyingine hutiwa asali. Bibi Aisha alikuwa akiamuru upikwe kwa mgonjwa na kwa aliyefiwa, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kwamba uji huo huutuliza moyo wa mgonjwa na huondoa sehemu ya huzuni. Na neno hili lataka kufikiriwa: Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuona kuwa ni jambo dogo kutaja uji kwa ajili ya moyo wa mtu.

Katika hayo ni habari ya maradhi ya Mtume mwenyewe. Alikuwa akiugua hujisomea zile sura za kujikinga na kujipulizia. Maumivu yalipozidi, Bibi Aisha akawa yeye ndiye amsomeaye, na humpangusa kwa mkono wake Mtume mwenyewe, kwa kutaraji baraka ya mkono ule. Hivi ndivyo alivyofanya mke kwa mumewe pale nguvu zilipompungukia: alilolizoea kulifanya mwenyewe, alilitimiza kwa niaba yake, na mkono ukabaki ni wake.

Na Urwa siku moja alimwambia Bibi Aisha kwamba hastaajabu kwa fikihi yake, kwani ni mke wa Mtume na binti wa Abubakar. Wala hastaajabu kwa ujuzi wake wa mashairi na habari za Waarabu, kwani baba yake alikuwa mjuzi wa hayo. Lakini astaajabu kwa ujuzi wake wa utabibu, ameupata wapi? Akamjibu kuwa Mtume katika mwisho wa umri wake alikuwa mwenye kuugua, na wajumbe wa Waarabu walikuwa wakija kutoka kila upande, nao humwelezea dawa hizi na hizi, naye Aisha ndiye aliyekuwa akizitengeneza na kumtibu kwazo. Basi elimu yake ya dawa hakuipata kwa kitabu wala kwa tabibu. Aliipata kando ya kitanda cha mgonjwa ampendaye, kwa kusikiliza na kukumbuka.

MAMA YAKE KATIKA UGONJWA

Mwaka 73 (692) Makka ilikuwa imezingirwa na jeshi la Hajjaj, na Sayyidna Abdalla bin Zubeir yu ndani yake. Mama yao, Bibi Asmaa, alikuwa mzee sana, na macho yake yamekwisha kupotea. Siku kumi kabla ya Abdalla kuuawa, wakaingia kwake wana hawa wawili, Abdalla na Urwa, naye ni mgonjwa. Abdalla akamwuliza ajionaje, akajibu kuwa ana maumivu. Abdalla akataja mauti. Mama akamwambia kuwa huenda yeye ndiye amtakiaye kufa, na kwamba yeye hataki kufa mpaka mwanawe amfikilie mojawapo la mambo mawili: ama auawe, naye mama ataraji ujira wake kwa Mungu, au ashinde, jicho lake litulie.

Habari hii ameihadithia Urwa mwenyewe, aliyekuwapo akisikia. Na ndani yake mna fundisho kwa kila mwenye mzee nyumbani. Abdalla alikuwa mwana mwema asiye na shaka juu ya mapenzi yake kwa mama yake, na kwa hali aliyokuwa nayo mauti yalikuwa mbele ya macho yake mwenyewe. Lakini neno la mauti likisemwa mbele ya mgonjwa laweza kumfikia kwa maana nyingine. Mzee aliyelala, kipofu, mwenye maumivu, bado ana jambo alisubirilo duniani. Usimhesabu kuwa amekwisha kabla Mola wake hajamhesabu hivyo.

Abdalla akauawa, na mwili wake ukatundikwa. Imepokewa kuwa Urwa alikwenda mbio Sham kwa Abdulmalik bin Marwan kumwombea mama yake mwili wa mwanawe, na Abdulmalik akakubali uteremshwe. Siku si nyingi baadaye Bibi Asmaa naye akafariki.

SAFARI YA SHAM

Walid bin Abdulmalik alitawala tangu mwaka 86 hata mwaka 96 (705 hata 715). Katika siku zake Bwana Urwa alitoka Madina kwenda kwake Dameski, na pamoja naye ni mwanawe Muhammad, kijana mzuri wa sura aliyekuwa akimpenda sana. Walipofika Wadi-l-Kura, mguu wa Urwa ukatokwa na kitu. Mwanzo ukawa mdogo, kisha ukaanza kula nyama na kupanda, nao ndio ugonjwa ambao Waarabu huuita akila, na sisi huuita donda ndugu. Alipofika Dameski alikuwa amechukuliwa.

Walid akawakusanya matabibu. Rai yao wote ikawa moja: mguu ukatwe, ama sivyo utaoza mwili mzima. Urwa akakubali. Wakamtaka anywe kitu cha kumwondolea akili ili asisikie maumivu. Wengine wamepokea kuwa ni ulevi, na wengine kuwa ni dawa ya usingizi. Akakataa. Ama ulevi, alisema hataki kutafuta afya kwa kitu alichokiharamisha Mwenyezi Mungu. Na ama dawa ya usingizi, alisema hapendi kiungo chake kiondoke bila ya yeye kuyasikia maumivu yake na kuyatarajia ujira wake. Kisha akaona watu asiowajua wamesimama karibu yake. Akauliza ni nani hawa. Akaambiwa wameletwa wamshike, kwani maumivu huenda yakaishinda subira. Akasema ataraji kuwa hatawapa taabu hiyo.

Ukakatwa mguu kwa kisu, hata ulipofikiwa mfupa ukakatwa kwa msumeno, naye akimtaja Mwenyezi Mungu kwa tahlili na takbiri. Kisha yakachemshwa mafuta, ukachovywa mguu ili damu isimame. Hapo akazimia. Alipozindukana alikuwa akijipangusa jasho usoni.

Hapa pana jambo nalitaka ulishike. Watu wengi husimulia kwamba alikatwa mguu akiwa ndani ya sala wala hakuhisi kitu, na kwa kusimulia hivyo hudhani wamemtukuza. Lakini waandishi wa tarikh wametaja kuzimia na wametaja jasho. Basi alihisi. Alikuwa mtu wa nyama na damu kama sisi, na maumivu yalimfika mpaka yakamwondoa fahamu. Subira haikuwa kutosikia maumivu. Subira ilikuwa kuyasikia na ulimi usimtuhumu Mola wake. Lau subira ingekuwa ni kutosikia, jiwe lingekuwa bora kuliko Ayubu (A.S.). Kwa hivyo mgonjwa wako akilia usiku kwa maumivu, usiseme kuwa imani yake imepungua.

Akaletewa ule mguu uliokatwa. Akaushika mkononi akaugeuzageuza, akamshuhudisha Mwenyezi Mungu kwamba hakupata kuutembeza kwa kujua kwenda kwenye haramu. Kisha akaamuru uoshwe, utiwe manukato, ukafungwe katika nguo na kupelekwa makaburi ya Waislamu. Na usiku ule, kwa mara ya kwanza, uradi wake wa robo ya Qur'ani ulimpita. Usiku wa pili yake akaurudia.

Mguu haujapoa bado, ukaja msiba mwingine. Mwanawe Muhammad aliingia katika banda la wanyama wa Walid, akapigwa teke na mnyama, akafa. Urwa alikuja akaambiwa naye yu katika hali ile. Haikusikiwa kwake kelele wala lawama. Walipokuwa njiani kurudi na kufika tena Wadi-l-Kura, pale maradhi yalipomwanzia, aliyasoma maneno ya Nabii Musa katika Suratul Kahf juu ya taabu ya safari. Kisha akamwelekea Mola wake kwa shukurani, akisema kwamba alikuwa na wana saba, akachukuliwa mmoja akaachiwa sita. Na alikuwa na viungo vinne, akachukuliwa kimoja akaachiwa vitatu. Basi akiwa ametia mtihani, Yeye ndiye aliyetoa afya, na akiwa amechukua, Yeye ndiye aliyebakisha.

WALIOMFARIJI

Imepokewa kuwa katika siku zile walikuja kwa Walid watu wa kabila la Abs, na kati yao mzee kipofu. Walid akamwuliza sababu ya macho yake. Akasimulia kuwa alikuwa tajiri kuliko wenzake, mafuriko yakaja usiku yakachukua mali na watu wake wote, wasibaki ila ngamia mmoja na mtoto mchanga. Ngamia akakimbia, akamweka mtoto chini amfuate, akasikia ukelele, kumbe mbwa mwitu amemshika mtoto. Akamrudia ngamia, naye akampiga teke la uso, macho yakapotea. Walid akaamuru apelekwe kwa Urwa, apate kujua kuwa duniani yuko aliyepata msiba mkubwa zaidi.

Aliporejea Madina watu wakaja kumpa pole. Akaja Isa, mwana wa Sayyidna Talha. Na utajua kuwa Talha na Zubeir walikuwa marafiki wawili waliokufa katika fitina moja, mwaka mmoja. Basi hawa walikuwa mayatima wa msiba mmoja. Urwa akaamuru mguu wake ufunuliwe ili mgeni auone. Isa akautazama. Hakumwambia kuwa si kitu, wala hakumwuliza amefanya dhambi gani. Alimwambia kwamba wao hawakuwa wamemweka akiba kwa ajili ya mieleka wala mashindano ya mbio. Kile walichokihitaji kwake, nacho ni elimu yake na rai yake, Mwenyezi Mungu amewabakishia. Urwa akasema kuwa hakuna aliyemfariji mfano wa yeye.

Pima, ndugu yangu, kati ya faraja hizi mbili. Ile ya kwanza ni kumwonyesha mgonjwa aliye chini kuliko yeye, nayo ina faida, lakini humwacha na pengo lake. Hii ya pili ilimwambia kuwa bado twakuhitaji. Mtu akikatwa mguu, au akishindwa kutoka kitandani, kinachomwumiza zaidi mara nyingi ni kudhani kuwa amekuwa mzigo na kwamba thamani yake imeondoka pamoja na nguvu zake. Isa aliliona jeraha hilo lisiloonekana, akalitia dawa.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Imetajwa kuwa aliishi miaka minane baada ya kukatwa mguu. Hakujifungia na huzuni. Aliendelea kusomesha, na watu wakimwendea kwa hadithi na fatwa. Alifariki mwaka 94 wa Hijra (713) kwa kauli iliyo mashuhuri, katika shamba lake upande wa Fur', naye amefunga. Mwaka huo waliuita Mwaka wa Mafakihi, kwa wingi wa wanavyuoni wa Madina waliofariki ndani yake. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

FAIDA ZIPATIKANAZO

Ya kwanza: subira ya Urwa ni yake, aliichagua mwenyewe juu ya mwili wake mwenyewe. Haifai wewe uichukue ukamtwike mgonjwa wako. Yuko mtu ambaye jamaa yake akipelekwa kupasuliwa, yeye huona haya au huona shaka juu ya dawa ya usingizi, ile tuiitayo nusukaputi, akisema mbona Urwa aliikataa. Na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii, na Imam Nawawi miongoni mwao, wameitaja mas'ala hii hii ya kukata kiungo kilichooza, na kauli iliyo sahihi zaidi kwao ni kuwa yajuzu kuondoa akili kwa dawa kwa ajili hiyo. Basi usimzuilie mtu rehema ambayo sheria imemwachia.

Ya pili: kutumia dawa ni sunna katika madhehebu yetu, wala hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Urwa, pamoja na imani yake, aliwakubali matabibu na msumeno wao. Na nyumba ya Mtume ilikusanya yote: sura za kujikinga, na dua, na uji, na dawa. Mwenye kumsomea mgonjwa wake na akamnyima tabibu ameshika sehemu na kuacha sehemu. Na mwenye kumpeleka kwa tabibu na asimwombee Mungu naye ni hivyo hivyo. Lakini wamesema pia kuwa ni makuruhu kumlazimisha mgonjwa dawa asiyoitaka. Mbembeleze, usimtese.

Ya tatu: kuuguza si kazi ya wanawake peke yao. Sayyidna Uthman (R.A.) alibaki Madina mwaka wa 2 wa Hijra (624) kwa amri ya Mtume, kumwuguza mkewe Bibi Rukaya, vita vya Badri vikampita, na pamoja na hayo Mtume akampa fungu lake na ujira wake kama aliyehudhuria. Na fikihi yetu imehesabu katika nyudhuru za kuacha Ijumaa na jamaa kuwa mtu ana mgonjwa asiye na wa kumwangalia, au jamaa yake aliye katika kukata roho, au jamaa yake mgonjwa apataye utulivu kwa kuwapo kwake. Abdalla bin Umar aliambiwa siku ya Ijumaa kuwa Said bin Zaid ni mgonjwa, akapanda mnyama wake akaenda kwake, na Ijumaa ikampita. Ikiwa utulivu wa moyo wa mgonjwa ni udhuru wa kuacha Ijumaa, basi jee, si udhuru wa kuacha baraza na kahawa?

Ya nne: ukienda kumtazama mgonjwa, punguza kikao ila akitaka ubaki. Mwulize hali, kisha msikilize jibu. Mwombee. Usimhadithie waliokufa kwa ugonjwa kama wake. Usimwambie kuwa amelogwa na fulani, ukamwongezea chuki juu ya maumivu. Wala usimwambie kuwa ni adhabu ya dhambi, kwani elimu ya hayo si yako, na hadithi ya mwiba imekuonyesha kuwa maradhi ya Muislamu ni kafara na rehema. Mwambie lile ambalo Isa alimwambia Urwa, kwa namna imfaayo yeye: mwambie mama yako kuwa dua yake ndiyo ngao ya nyumba, na mwambie baba yako kuwa rai yake bado yatakiwa.

Ya tano: mgonjwa asiachwe na ibada yake, wala asilemewe nayo. Asiyeweza kusimama asali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa asali kwa ubavu, kisha kwa mgongo, kisha kwa kuashiria. Wewe umsaidie kutawadha au kutayamamu, umwelekeze kibla, umshikie msahafu. Uradi wa Urwa ulimpita usiku mmoja, wala haukumvunja moyo. Kesho yake aliurudia.

Na ya sita ndiyo mkusanyo wa yote: subira ni amali ya mgonjwa, na rehema ni amali yetu sisi tuliosimama kando yake. Kila mmoja ataulizwa juu ya lililo lake. Tusiwe watu wa kuidai subira kwa wengine, na hali ya rehema kwetu ni chache.

Ewe Mola wetu, wape wagonjwa wetu afya iliyo njema, na ufanye maumivu yao kuwa kafara, wala usiwaache peke yao. Utupe sisi mikono laini ya kuwahudumia na ndimi njema za kuwafariji, na usituchoshe kwa wazee wetu. Umrehemu Urwa na mama yake na mama yake mdogo, na utufufue pamoja na wao. Na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amin.